Tumbo la Mfalme

Leta uzi na sindano,
si kalamu wala wino;
nishone yangu maneno,
mpate kuyasikia.

Mimi fundi wa Barani,
cherehani barazani,
nashona za harusini,
na sare, na mapazia.

Akaja mzee Tito,
Mtaliano mzito,
sauti kama ya mto,
lugha ikimkimbia.

Asema, "Huko Yunani,
enzi zile za zamani,
mfalme jukwaani
huwa mtu wa kulia.

"Amuua mwana wake
kwa kosa la macho yake,
kisha atoroka kwake,
na miungu yatulia.

"Zama nyingi zikapita,
wa kwetu wakamkuta;
tumbo kubwa wakaleta
na pua wakamtia.

"Hufa, huamka, hufa,
adai apewe sifa,
katikati ya maafa
na supu huulizia."

Hapo akaanguka, pu!
akapinda kama kapu,
akamwaga yangu supu,
hai akijifilia.

Nami nikamtazama,
nikasema, "Yote mema,
ila kabla ya kupima,
nani atanilipia?"

Mfalme ni Ngumbao,
mwembamba kama upao,
muuza mihogo kwao,
Maweni huzungukia.

Malkia ndiye Dzame,
koo lake la kiume,
hapendi mtu aseme
naye hajamalizia.

Tumbo la pamba ni bei
na Tito haongezei,
mabaki hayaenei;
chumbani nikaingia.

Juu ya kitanda changu
pana mto wa mwenzangu
Chengo, marehemu wangu,
mwaka wa nne wangia.

Sikuwahi kuufua;
jasho lake laujua,
na dawa yake ya pua
hadi leo nanusia.

Nikautia mkasi,
nikakemea nafsi:
"Chengo, nina wasiwasi,
lakini ungeridhia."

Nikaliweka kitovu,
kifungo cha koti bovu;
uzi mwembamba, mchovu,
Tito kaninunulia.

Pale ukumbi wa shule
tukajaa hadi mbele,
wazazi, wana, kelele,
mbuzi naye kaingia.

Ngumbao kapanda ngazi,
tumbo mbele kama nazi,
kilio bila machozi;
ukumbi ukatulia.

Alipochomoa panga,
mshono ukajitenga,
sufi juu kama unga,
kisha yatumwagikia.

Chengo akawa hewani,
ndevuni na kofiani,
na Tito, mwake puani,
chafya zikamvamia.

Watu wakavunja mbavu;
nami nikawa mkavu,
yakanilowa mashavu,
nikicheka, nikilia.

Nikakumbuka hangani,
kwao Chengo, Marafani,
mtani kaja uani,
shati lake kavalia.

Akakohoa Kichengo,
akapindisha na shingo:
"Mbona hamfungi lango?
Kuku wataniishia!"

Mamake aliyekonda,
chakula kilimshinda,
akacheka kama punda,
uji akaulizia.

Kumbe na wale wageni
walichoka na huzuni,
wakatafuta mtani
mfalme kumvalia.

Mchezo ulipokwisha,
Tito anababaisha:
"Nani amekufundisha
tumbo la kupasukia?"

Nikamjibu, "Babangu,
si Yunani, si Wazungu;
uzi wako! Pesa zangu
hata hujamalizia."

Nikabaki na kifuko,
nikazoa huku, huko,
sufi, vumbi, na kicheko,
foronya nikajazia.

Mto sasa umepwaya,
una vumbi la Ulaya;
nikilala, bila haya,
chafya yaniamkia.